Vikopo Saba vya Kisima

Kwa miaka minane mfululizo dereva mmoja wa kreni aliwatolea wenzake mkojo wa kupimwa, na hakuna hata mmoja aliyeona kosa hapo. Lisemwe wazi tangu mwanzo, asije mtu akalalamika kwamba alipigwa chenga. Mkojo ulikuwa wake, vikopo vilikuwa vya kampuni, na vyeti vilivyotoka humo vilikuwa vya watu wengine. Yadini walimwita Kisima. Jina hilo alilipokea kwa mikono miwili, kwani alikuwa mtu anayependa kuombwa kitu, na aliamini kwamba mwili wake ulikuwa mzima kuliko wa wote.

Yadi yenyewe ilikuwa ya makontena: safu kwa safu za masanduku ya chuma, na juu yake kreni nane zinazotembea kwenye reli. Dereva hupanda ngazi ya vipago arobaini na viwili, huingia katika kibanda cha vioo, hukaa, halafu kwa saa kumi hutazama chini katikati ya magoti yake, kupitia sakafu ya kioo. Shingo ya binadamu haikuumbwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kila dereva alikuwa na paketi ya dawa za maumivu mfukoni, na walizitafuna kama njugu: mbili asubuhi, mbili mchana, na moja ya kushukia. Maji waliyaogopa. Kushuka kwenda msalani na kupanda tena ni robo saa nzima, na huku chini msimamizi anabweka kwenye redio ya mkononi akiuliza kama kreni imelala au imekufa. Wengi walikunywa maji wakisharudi nyumbani.

Kila mwaka, mwezi wa sita, kampuni iliwapima macho, presha na mkojo kwenye zahanati yake, na aliyewapima ni sista, muuguzi mmoja wa siku zote. Ukifaulu unapewa cheti na unarudi juu, ukianguka unashushwa. Na huko kushushwa hakukuwa jambo la kusimuliwa, kulionekana kwa macho. Kulikuwa na dereva wa zamani aliyekutwa na sukari akapewa ufagio, na kutwa alikuwa akifagia vichochoro baina ya makontena. Wenzake walimwona kutoka juu, pale katikati ya magoti yao, kila siku ya Mungu. Mtazame mzee huyo mwaka mzima, kisha uambiwe mwezi wa sita umefika. Roho lazima iwe juu juu.

Mchezo ulianza kwa Shemeji. Kisima alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, mdogo wake wa kike aliyemlea mwenyewe wazazi wao walipofariki, na Shemeji ndiye aliyemwoa. Hata kazi ya kreni ni Kisima aliyemtafutia. Mwaka wa kwanza wa kupimwa, shemeji hao wawili waliingia msalani pamoja, kila mmoja na kikopo chake, kila mmoja na mlango wake. Kisima alimaliza, akasubiri, akasubiri tena. Mwisho Shemeji akatoka na kikopo kitupu.

"Shem, mkojo umegoma."

"Umegomaje?"

"Nikikitazama tu hiki kikopo, kila kitu kinafunga."

Kisima alicheka mpaka akashika ukuta. Chake kilikuwa pomoni. "Lete hapa! Mwanamume mzima unamwogopa sista!" Akammiminia nusu, wakafunga vifuniko, wakatoka wakiwa na nyuso kavu. Wiki iliyofuata vyeti vilikuja, vyote viwili vimeandikwa mkojo safi.

Siri ya watu wawili ingekaa, lakini Shemeji alimwambia Kasuku. Huyo Kasuku alikuwa dereva wa kreni ya tatu, mtu ambaye hata akiwa peke yake kibandani alikuwa akizungumza. Baba yake alikuwa na sukari, kwa hiyo na yeye aliiogopa sukari kuliko deni. Mwaka uliofuata alikuja na kikopo chake akiomba kwa heshima zote. Baada yake akaja mwingine anayekunywa pombe, na mwingine asiye na sababu yoyote ila kuona wenzake wanafanya. Kufikia mwaka wa nne walikuwa sita, na Kisima wa saba.

Basi ikawa desturi yenye taratibu zake. Siku ya vipimo Kisima alikunywa maji tangu asubuhi mpaka tumbo linalia, akaja kazini kwa hatua fupi fupi, na wenzake wakamfungulia mlango wa msala kama bwana harusi. Aliingia na chupa ya chai iliyokwisha kustaafu kazi ya chai. Akitoka, walipanga vikopo kwenye ukingo wa sinki na yeye akamimina kwa zamu, bila kumpendelea mtu. Kila mmoja alikibana chake kwapani kisipoe, maana sista alikuwa na tabia ya kugusa kikopo kabla ya kukipokea.

Sista alikuwa mama wa makamo, miaka ishirini kwenye chumba kile kile, na mkononi alikuwa na muhuri ambao haukuwahi kumwonea mtu. Shemeji ndiye pekee aliyemtia wasiwasi. Kila mwaka presha yake ilisoma juu, na kila mwaka sista alikunja uso, akamfunga mkono upya, akapima tena, ikasoma juu vile vile. Kisha alitazama kijiti cha mkojo, akaona hakijabadilika rangi hata kidogo, na uso ukakunjuka.

"Mkojo wako ndio unaonipa moyo," alimwambia. "Figo zako nzima kabisa. Wewe punguza chumvi na kahawa."

Na Shemeji akapunguza chumvi kwa siku tatu nne, kama watu wote wanavyopunguza.

Mwaka wa tisa kampuni ilileta daktari wa kumsimamia sista. Alikuwa mwanamke kijana, mfupi, asiyecheka ovyo, na alikuja na mashine yake ya kusoma vijiti na kuchapa majibu kwenye karatasi. Watu wa kreni hawakushtuka. Walimimina kama kawaida, wakabana vikopo kwapani kama kawaida, wakarudi juu. Saa nane mchana redio za vibandani zikalia kwa pamoja: fulani na fulani na fulani, shukeni wote, mnaitwa zahanati.

Walijipanga ukutani, watu saba wenye mabuti. Daktari aliwatazama mmoja mmoja.

"Kuna mapacha hapa?"

"Mimi nilizaliwa peke yangu, daktari," Kasuku alisema. "Mama yupo, muulize."

Alitandaza karatasi saba mezani. "Protini, alama tatu. Damu, kidogo. Ukiacha majina, karatasi hizi zote ni moja. Mimi sijawahi kuona ugonjwa unaopanga foleni." Hakuna aliyecheka, hata Kasuku. "Sikilizeni. Nani alimdanganya nani, hilo sina haja nalo. Mimi ninachotaka kujua ni figo hizi za nani, maana zinavuja."

Wenzake hawakumsaliti. Sita hao waligeuza macho wakautazama ukuta mmoja, ule ambao Kisima hakuwa upande wake, na hivyo wakamwonyesha vizuri kuliko kidole. Kisima aliona aibu kwanza. Hofu ilikuja baadaye kidogo, ilipomwingia akilini kwamba anayezungumziwa kuwa mgonjwa ni yeye, yeye ambaye hajawahi kulala hospitali hata siku moja, yeye Kisima. Akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Ni zangu, daktari."

"Ahsante," daktari alisema. "Sasa nyote mtatoa upya, mmoja mmoja, mlango wazi na mhudumu akiwa amesimama hapo. Na damu nitachukua."

Walitoa. Hata Shemeji alitoa, kidogo sana, baada ya nusu saa ya kusimama.

Majibu yalikuja siku ya tatu. Kisima aliitwa wa kwanza. Daktari hakuzunguka mbuyu: figo zake zilikuwa zimebakiwa na nusu ya nguvu, presha ilikuwa imeanza kupanda, na zile dawa za shingo alizotafuna miaka yote zilikuwa zimechangia sana, kama si kufanya kazi yote. Aliziweka mezani zile zilizokuwa mfukoni na akaambiwa asiguse tena. Atakunywa kidonge cha presha kila siku ya maisha yake, atakula chumvi ya kulamba tu, na atapimwa kila baada ya miezi mitatu. Kreni asiipande kwanza, atakaa getini kukagua namba za makontena.

"Nitakufa?" Kisima aliuliza.

"Utakufa, kama mimi. Ila si kesho, na pengine si kwa figo, ukifanya ninavyokwambia. Una bahati umeonekana mapema."

Alitoka akiwa amelowa jasho. Nje, kwenye benchi, watano walikuwa wamekwisha pewa karatasi zao, na zote zilikuwa safi. Hakuna sukari, hakuna protini, hata yule mnywaji. Kasuku alikuwa amesimama katikati ameshika kichwa.

"Yaani miaka yote hii mimi nabana kwapani mkojo wa mgonjwa, na wangu mzima namwaga chooni! Jamani! Kisima, una hasara wewe, ungekuwa unaomba kwangu!"

Walivunjika mbavu. Kisima naye alicheka, tena sana, maana mtu aliyeambiwa hatakufa kesho anacheka kwa urahisi. Alikuwa bado anafuta machozi alipoona kwamba kwenye benchi walikuwa watano, na mlango wa daktari ulikuwa umefungwa tena.

Ulikaa umefungwa muda mrefu. Ulipofunguliwa hakutoka Shemeji, alitoka mhudumu akikimbilia simu, na baada yake gari la wagonjwa likaingia getini. Figo za Shemeji hazikuwa na hata moja ya kumi ya nguvu zake. Ile miguu iliyovimba, aliyosema ni mabuti; kule kutapika asubuhi, alikosema ni tumbo la mtu asiyelala vizuri; ule mwaka mzima wa kupanda ngazi akipumzika mara tatu, nao akasema ni uzee. Vyote vilikuwa figo. Daktari alimwita Kisima pembeni, kwa kuwa ndiye ndugu aliyekuwepo.

"Hakuanza jana huyu," alisema. "Ni miaka. Mkojo wake ungepimwa kweli hata mara moja tu, tungemkuta mahali ulipo wewe leo."

Alikuwa ameahidi kutouliza nani alimdanganya nani, akatimiza ahadi yake, na kwenye daftari akaandika tu kwamba vipimo vilirudiwa. Kisima angefurahi zaidi kama angetukanwa.

Hospitali kubwa walimwekea Shemeji mpira shingoni na kumwunganisha na mashine ya kusafisha damu. Mara tatu kwa wiki, muda wa saa nne kila mara, na hivyo ndivyo itakavyokuwa mpaka apatikane mtu wa kumpa figo. Siku ya pili Kisima alivuta kiti akakaa karibu na mashine. Damu ilikuwa ikitoka kwenye mpira mmoja na kurudi kwa mwingine. Shemeji alifungua macho.

"Shem, mwaka huu umeniletea mbovu."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini?" Mashine ikazunguka. "Nikwambie kitu. Siku ile ya kwanza msalani haukugoma. Ulitoka. Ulikuwa na povu kama la sabuni, juu mpaka ukingoni. Nilijua lazima ni kitu kibaya, wakiuona tu nishashushwa, nami ndiyo kwanza nimeoa. Nikaumwaga. Wewe ukacheka, ukanimiminia. Nikasema basi, Mungu amenipa njia."

Kisima alimvutia shuka, akaifunika ile miguu iliyovimba.

"Dada yako usimwambie," Shemeji alisema. "Hilo la povu, na hilo la vikopo. Lote. Nitamhitaji, shem. Akijua nilijifanyia mwenyewe hivi, atanitazamaje?"

"Simwambii," Kisima alisema, na wakati huo alimaanisha.

Wiki mbili baadaye Shemeji alirudishwa nyumbani, ghorofa ya tatu, ili aende kwenye mashine akitokea huko. Jumamosi alasiri mdogo wake Kisima alimpigia kaka yake simu na kumwambia aje. Alimkaribisha kwenye kiti chake, kile kilichokuwa chake tangu wahamie pale, na akafunga taratibu mlango wa chumba alimolala mumewe. Kisha akaleta bahasha ya nailoni na kutoa humo vyeti vinane vilivyotunzwa vizuri, havina hata kunyanzi moja.

"Kaka, Jumatatu unanisindikiza kampuni kwenu."

"Kufanya nini?"

"Tazama mwenyewe. Mkojo safi. Mkojo safi. Miaka minane! Huyo sista wenu alikuwa anapiga muhuri bila kupima. Amekaa pale anakunywa chai, mume wangu anaoza figo, halafu mwakani anastaafu na kupewa mkono wa kwaheri. Haiwezekani. Nitamfikisha kwa mkurugenzi, na akinichezea nitamfikisha polisi. Nguo zile nyeupe atazivua mbele yangu."

Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa amekwisha kulia siku zake zote na sasa alikuwa amefika kwenye kazi. Kisima alimjua akiwa hivyo, kwani ni yeye aliyemfundisha asikubali kuonewa. Alijua kwamba Jumatatu ataenda kweli, kwamba sista atafukuzwa, na kwamba yeye akitaka kumbakisha ndugu yake wa pekee hana haja ya kufanya chochote. Anyamaze tu. Alitamani sana kunyamaza. Alikaa na tamaa hiyo mpaka chai aliyoandaliwa ikapoa.

"Sista alipima," alisema.

"Alipima nini?"

"Alipima mkojo wangu."

Alimweleza yote. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi kwenye kikopo cha kwanza, akimtaja Kasuku pasipohitajika, akisahau mwaka na kuurudia. La povu hakulitaja. Alipomaliza, yule dada aliviokota vyeti kimoja kimoja, akakisoma kila kimoja, akakiweka mbele ya kaka yake.

"Huu wako," alisema. "Na huu wako. Na huu wako." Mpaka vikaisha. "Nilikuwa nikiona presha yake inasumbua, nakuja kusoma hivi. Nalala."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Mwaka ule wa kwanza angetoa wake, wangeona?"

"Daktari anasema huenda..."

"Sijakuuliza habari ya huenda."

"Wangeona."

Aliitikia kwa kichwa. Chumba cha pili Shemeji alikohoa, kitanda kikalia.

"Na yeye? Alijua kwamba anaumwa?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kushusha nusu ya mzigo, na Kisima aliiona wazi. Neno moja tu lingetosha. Lilikuwa la kweli, na miaka hii minane isingekuwa yake peke yake. Alitazama ule mlango uliofungwa. Nyuma yake alilala mtu ambaye mara tatu kwa wiki atahitaji kushikwa kichwa anapotapika, na wa kumshika ni huyu anayeuliza.

"Hakujua," alisema. "Alikuwa na woga wa kikopo tu. Nilimmiminia mimi."

Mdogo wake alisimama, akaenda mlangoni, akaufungua.

"Toka kwangu."

Kisima alitoka. Alikuwa amefika kwenye ngazi ya pili alipomsikia nyuma yake.

"Kaka."

Aligeuka. Mdogo wake alikuwa amesimama kizingitini, vyeti mkononi, macho makavu.

"Keshokutwa ana mashine. Uje saa kumi na mbili asubuhi. Ngazi hizi hawezi kushuka, na mimi siwezi kumbeba. Utakuja, utamshusha, utampandisha, kila mara, mpaka Mungu aamue. Na usinisalimie."

"Nitakuja."

Jumatatu alifika saa kumi na moja na nusu. Alipanda ghorofa zote tatu, akasimama nje ya mlango bila kupiga hodi, mpaka walipomfungulia.